Dirisha la Mama Vipimo: Risala ya Mafundi Viyoyozi kwa Mkurugenzi Mkuu

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wetu, wakuu wa idara mlioambatana naye, nanyi wenzetu mliolazimika kuvua buti mlangoni leo ili sakafu ibaki inang'aa, tunawasalimu nyote kwa heshima.

KARIBU KARAKANANI

Hii ni mara yako ya kwanza kufika hapa tangu ushike wadhifa, nasi tumefagia hadi nyuma ya mitungi ya gesi, ambako ufagio haukuwa umefika miaka mingi. Jisikie uko kwako.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, ukutani kulia kwako, chini ya saa, utaona matofali mapya kuliko mengine. Hapo palikuwa na dirisha la stoo. Nyuma yake, kwa miaka ishirini na sita, alikaa mtunza stoo tuliyembandika jina la Mama Vipimo. Kila asubuhi tulipanga foleni, na hakuna aliyepewa kifaa kabla ya kuhojiwa.

"Chumba kina ukubwa gani, mwanangu?"

"Hatua nne kwa tano, mama."

"Jua la mchana linaingilia wapi? Humo wanalala wangapi?"

Fundi akianza kugugumia, alikuwa amekwisha. "Rudi kaangalie. Boksi halitoki hapa kwa kubahatisha."

Akiridhika, aliinuka, akachagua mashine ya ndani, akaitafutia ya nje inayolingana nayo kwa nguvu na kwa aina ya gesi, kisha mabomba ya shaba ya unene unaozifaa zote mbili, na waya wa kubeba mzigo huo. Alivipanga kauntani kama mama anayemfungia mwanawe sanduku la safari. Tulimnung'unikia sana. Leo tungefurahi kusimama tena kwenye foleni ile, tukisukumana na kutaniana, huku yeye akitutazama juu ya miwani.

MAFANIKIO

Enzi hizo fundi alirudi kwenye nyumba kusafisha chujio tu. Tukipita mitaani bado tunazitambua mashine alizochagua Mama Vipimo. Zimepauka kwa jua, lakini zinanguruma taratibu, na ndani watu wamelala.

CHANGAMOTO

Mwaka juzi stoo ilihamishiwa bohari kuu, dirisha likazibwa, na Mama Vipimo akastaafishwa mwaka mmoja kabla ya wakati wake. Alitusimulia baadaye kwamba siku ile alitokea mlango wa nyuma, kwa kuwa hakutaka kuiona saruji mbichi. Sasa vifaa vinachaguliwa na watu ambao nyumba hawajaiona. Mashine inayofaa ikikosekana, huletwa yoyote iliyopo.

Miezi michache iliyopita tuliletewa vifaa vya nyumba ya mwalimu mstaafu mwenye ugonjwa wa kifua. Mashine ya nje ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya ndani kwa nguvu. Tulieleza, tukaambiwa tufunge, tukafunga. Juma la pili ile ya ndani ikaganda barafu, maji yakachuruzika ukutani juu ya kitanda, na kompresa, moyo wa mashine ya nje, ikafa. Tukaletewa seti nyingine, safari hii zote mbili kubwa kupita kiasi. Ilipoza chumba upesi mno, ikazimika kabla ya kukausha unyevu. Kuta zikaota ukungu. Mwalimu akalazwa hospitali.

Aibu ilitushika. Msimamizi wetu akaenda nyumbani kwa Mama Vipimo, akamkuta anapiga pasi. Mama hakumlaumu. Alichomoa pasi, akavaa viatu, wakaenda. Chumbani kwa mwalimu aliketi ukingoni mwa kitanda kitupu nusu saa nzima, akilitazama jua likitambaa sakafuni.

"Baba hulala mlango wazi?" alimuuliza binti wa mwalimu.

"Huuacha wazi, ili nimsikie akikohoa."

Ndipo akachagua seti ndogo, ndogo kuliko tulivyothubutu kufikiri, ya kufanya kazi polepole usiku kucha na kukausha unyevu; msimamizi akaifuata bohari kuu, na mama akasimama pale mpaka tukamaliza kuifunga. Mwalimu amerudi nyumbani. Kifua kimetulia.

Siku ile, njiani kumrudisha kwake, msimamizi alimshukuru. Mama akasema, "Nilidhani mmeshasahau kwamba nipo."

MAOMBI

Hatuna ugomvi na bohari kuu. Tunaomba fundi aliyekiona chumba asikilizwe kabla vifaa havijatoka. Tunaomba dirisha lifunguliwe, na matofali tutayabomoa wenyewe siku ya mapumziko. Tena tunaomba Mama Vipimo aitwe walau asubuhi mbili kwa wiki, atufundishe kuuliza, maana tulizoea kuulizwa naye.

Yuko safu ya pili, mwenye kitambaa cha kijani. Hajui tulichoandika humu. Tulimwambia amealikwa chai. Tunavyomjua, tukimaliza kusoma atainuka aondoke kimyakimya. Tunakuomba, mgeni rasmi, umuwahi kabla hajafika mlangoni.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, busara na usingizi mwema wewe na wa nyumbani kwako.

Ni sisi,
Mafundi Viyoyozi vya Majumbani,
Karakana ya Pili.