Adler na Mwenzake

Kwenye treni ya asubuhi ya Chicago, mhadhiri mmoja wa kike alikuwa akimfokea mzee mwenye tai aliyekaa mbele yangu.

"Adler, makala zote tumeandika wote! Hesabu napiga mimi, sifa zinakwenda kwa 'Adler na mwenzake'. Leo chuo kinaninyima ajira ya kudumu, eti mchango wangu hauonekani!"

"Punguza sauti, Zelinski. Wachumi wote tunapanga majina kwa alfabeti. Hilo nalo kosa langu?"

Akakaza tai, ambayo mimi sikuiona ikilegea.

"Kwenye kikao cha kuamua ajira yako nilitaka kukutetea, ila wenzangu walikuwa wameshakukataa."

"Muongo mkubwa! Hata kupiga kura mnaitwa kwa alfabeti. Wa kwanza kuulizwa ni wewe!"

Treni iliposimama, Adler alikuwa wa kwanza kushuka.