Senene wa Sikio la Kushoto

Benchi la Joviana, muuza kahawa wa Kashai, linatosha watu watatu, na asubuhi hiyo Byabato alikaa katikati, amenuna. Msimu uliopita alisikia senene wanalia, akawaamsha majirani wote watoke na ndoo kuwakamata. Hawakupata hata mmoja. Kumbe senene walikuwa ndani ya sikio lake la kushoto! Picha ya hospitali ikaonyesha kiuvimbe kwenye mshipa wa kusikia, kidogo kama punje ya kahawa. Si kansa, daktari alisema. Ama kiangaliwe tu, apigwe picha nyingine baada ya miezi sita, ama kishughulikiwe sasa. Ajibu Jumatatu. Byabato, besi wa kwaya ya usharika, tangu siku hiyo usingizi ulimpaa.

— Kata! alisema Mwijage, wanayemwita Bwana Shamba, kutoka kushoto. Mgomba ukishikwa na mnyauko unasubiri nini? Unang'oa shina zima, unachoma!

— Utachoma kichwa cha mtu? alidakia Datius, maarufu kama Redio, aliyekaa kulia. Kiacheni kilale. Ukikigusa kinakasirika.

— Kinakasirika, kwani ni mke mwenza?

— Hujui wewe. Kitu cha sikioni lazima kisikie. Hata sasa kinatusikiliza.

— Basi kimeshajua tunataka kukikata. Kitahamia sikio la pili!

— Ndiyo maana nasema tuongee Kiingereza!

— Hicho kimezaliwa kijijini Rubafu kama Byabato mwenyewe. Kiingereza kikijulie wapi? Ongea tu!

Joviana alicheka mpaka birika likamtikisika mkononi. Byabato naye alicheka, halafu akaacha.

— Chekeni tu, waitu, ndugu zangu. Wakikata, sikio linaweza kuziba kabisa. Nikikiacha, linaweza kufifia polepole. Naogopa, jamani. Nitaimbaje nisipowasikia wenzangu?

Annastella, mwalimu wa Kamachumu aliyekuwa amesimama akingoja kahawa yake, akainama kidogo.

— Samahanini, wazee wangu. Hicho kitu kinakua?

— Kinakua... alianza Mwijage, asimalizie.

— Mimi nadhani hakikui, alisema Datius. Nadhani lakini.

— Hata daktari hajui, alisema Byabato taratibu. Picha ni moja, atajuaje? Ya pili ndiyo itasema.

Akajisikia mwepesi kifuani, mara ya kwanza wiki nzima.

— Basi Jumatatu namwambia tukiangalie kwanza. Kikikua, hapo tutashughulika nacho.

— Unaamua hivihivi? alilalamika Mwijage. Na mimi nimeongea asubuhi yote!

— Umeongea upande wa sikio la kushoto, waitu. Nimesikia senene tu.

Mwijage akabeba kikombe chake, akazunguka benchi hadi upande wa kulia, akamsukuma Datius kwa kiuno.

— Sogea, Redio. Naanza upya.