Bi Mwaija Pazi na Mtaro Uliopita Barazani Kwake

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi Mwaija Pazi anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuihudumia mitaro ya maji ya mvua ya mji wetu wa Bagamoyo. Wengi wetu tulimkuta kazini, na hatujui kazi hii inakuwaje asipokuwepo.

Alianza akiwa kibarua wa kuzibua. Enzi hizo mtaro wa Mji Mkongwe ulikuwa wa mawe na chokaa, umechoka, na kalavati zake zilimeza kila kitu: magodoro, vifuu, hata mbuzi mzima wa Mzee Mwinshehe, mkazi wa mtaa ule. Bi Mwaija alitambaa ndani kumfuata mbuzi huyo. Walipotoka, kwa lile tope, watu hawakujua wampe pole yupi.

Alisoma jioni, akawa fundi sanifu, kisha msimamizi wa mitaro. Nusu ya karakana yetu imepita mikononi mwake. Lakini tutakalowasimulia wajukuu ni la juzijuzi, tulipoung'oa mtaro ule wa kale ili tuweke wa zege.

Mtaro mpya ulitaka upana, na mtaa ni mwembamba. Ilibidi baraza za upande mmoja zivunjwe. Wenyewe wakakataa. Mzee Mwinshehe alisema yake ilijengwa na marehemu baba yake, na hapo ndipo alipofungia ndoa. Masika nayo yalikuwa yanakaribia, na mwaka uliotangulia maji yalikuwa yameangusha ukuta na kumvunja jirani mguu. Kila kikao kilikwisha bila mwafaka.

Asubuhi moja Bi Mwaija alikwenda kwenye nyumba aliyozaliwa, katika mtaa uleule, upande uleule wa kuvunjwa. Kwenye baraza ya nyumba ile marehemu mama yake alipika vitumbua vilivyowasomesha yeye na ndugu zake. Alipangusa sakafu kwa upindo wa khanga, akasimama, akawageukia mafundi.

"Anzeni kwangu," alisema.

Nyundo zilipoanza hakugeuza uso. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Kabla ya adhuhuri Mzee Mwinshehe alikuja, akampa mkono kama wa msibani, akatuambia na kwake twende. Waliobaki wakafuata.

Masika yaliposhuka tulisimama na wenyeji milangoni, roho juu. Maji yalikuja mekundu, yakinguruma, yakapanda hadi karibu na ukingo wa mtaro, kisha yakapita. Yalipita mbele ya kila mlango yakielekea baharini, na vizingiti vikabaki vikavu. Mzee Mwinshehe alitoka bila mwavuli, akainama, akaweka kiganja juu ya mfuniko wa zege ulio mbele ya mlango wake asikie mtetemo. Sisi tuliomwaga zege lile kwa mikono yetu tukainama kando yake, tukaweka na vyetu.

Bi Mwaija, ahsante kwa ukali wako wa asubuhi, kwa mafunzo, na kwa baraza ya mama. Mola akujaalie afya na utulivu. Mvua kubwa ikinyesha, vuta shuka uendelee kulala. Zamu sasa ni yetu.