Mzee Rudia, Mkaguzi wa Silaha za Bandia (1958–2025)

Kila asubuhi, kabla chai haijamiminwa, marehemu alikiinua kikombe chake, akakigonga ukingoni kwa kucha, akasikiliza. Kikilia vizuri, alikiweka mezani. Kikilia kama mtu mwenye mafua, hakikunywewa tena. Mkewe alikipandia kitunguu. Dirisha la jikoni limejaa vikombe hivyo.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, mtoto wa pili wa fundi bati na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na reli. Alianza shule ya msingi mwaka 1965. Hesabu ilimkubali, insha ilimkataa. Mwalimu wake mmoja aliandika kwenye ripoti, "Anasikia kuliko anavyosema." Mwaka 1977 alihitimu uchomeleaji katika chuo cha ufundi.

Mwaka uliofuata aliajiriwa karakana ya reli. Kazi yake ilikuwa kupita kando ya mabehewa na nyundo ya mpini mrefu, akigonga gurudumu moja baada ya jingine, kwa kuwa lenye ufa halilii kama zima. Aliifanya kwa miaka ishirini na minne, hadi karakana ilipofungwa.

Alifunga ndoa tarehe 11 Agosti 1984. Siku hiyo, ukumbini, alisimama akagonga bilauri kwa uma. Wageni wakanyamaza, wakingoja hotuba.

"Hii ina ufa," alisema, akaketi.

Mama mkwe akamnong'oneza bibi harusi, "Mwanangu, huyu utamweza?"

"Nitamzoea, mama."

Alimzoea kwa miaka arobaini.

Mwaka 2004 chama cha kuigiza vita vya kale kilimwita atengeneze kofia za chuma, na hakikumwachia tena. Kila upanga, ngao na gobore la maonyesho lilipita mikononi mwake. Ncha za panga alizitaka butu kama kidole gumba. Asubuhi ya kila onyesho alivigonga vyote upya, kimoja kimoja, kwa nyundo ileile ya reli. Kisichofaa alimrudishia mwenyewe kwa neno moja tu: "Rudia." Jina likamganda.

"Mzee, si ni vya kuigizia tu?" vijana walilalamika.

"Ndiyo maana. Cha kweli unakiogopa. Hiki unacheza nacho."

Kwa miaka ishirini na moja, hakuna mwanachama aliyeshonwa hata uzi mmoja.

Jumamosi ya tarehe 14 Juni 2025, saa tisa alasiri, mzinga mdogo wa magurudumu mawili, aliouunda mwenyewe mwaka 2011 kwa bomba la chuma, ulipasuka upande wa nyuma mara ulipowashwa. Haukuwa na risasi. Ilikuwa baruti tupu. Wapiganaji waliokuwa wamelala uwanjani kama maiti waliinuka wote kwa pamoja. Marehemu, aliyekuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwenye mzinga, alianguka, hakuinuka. Familia bado haijaamini. Kipande cha chuma kilimpata tumboni. Alipasuliwa mara mbili, akafariki Jumatano tarehe 18, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Tangu siku ile inasemwa kwamba mpiga mzinga, rafiki yake tangu karakana ya reli, alizidisha baruti. Juzi alikuja msibani, akazuiwa getini na kaka wa marehemu.

"Umemmaliza mdogo wangu, sasa unakuja kumlia?"

"Kaka, nilipima vijiko vitatu, kama siku zote."

"Vijiko au ndoo? Kawaambie polisi."

Aliondoka, nyusi zake zote zimeungua. Kikao cha familia kikaagiza wasifu huu useme kwamba marehemu aliponzwa na uzembe wa mwenzake. Hausemi hivyo, na baba mkubwa anaombwa radhi.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, kaka mmoja, na rafiki wa miaka thelathini na tisa, ambaye naye ni mfiwa na hakuwamo katika orodha iliyopitishwa. Udongo umpokee taratibu, alale salama.

Jumanne jioni, wodini, mkewe alipotoka kutafuta maji ya kunywa, marehemu alibaki na binti yake mdogo, ambaye ndiye anayesoma hapa. Binti alimuuliza swali moja tu. Hakuna mwingine aliyesikia, na hadi leo hajamwambia mtu.

"Baba, asubuhi ile, mzinga uliukagua?"

"Hapana," alisema. "Ule niliutengeneza mwenyewe."