Aliyeuhutubia Ukuta

Basi, kama nilivyokuwa nikimnong'oneza mama mkwe pale mezani, huyu mwanamume nimempenda hata mgongo wake. Msicheke, nitawaeleza.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama cha waandishi wa programu, wakufunzi wetu, mama mkwe wangu mpendwa, ndugu wageni waalikwa, hamjambo?

Leo mnamuaga mume wangu, anayekwenda tawi jipya kuwafundisha wataalamu wenzake kuzungumza mbele za watu. Nani angeamini? Tulipooana alikuwa hodari wa kuongea na kompyuta, lakini akiona watu wamekusanyika, ulimi unaganda. Mada yake ya kwanza aliifanyia mazoezi jikoni, akiosha vyombo, amenipa mgongo, kwa sababu macho yangu, alisema, yanamsahaulisha maneno. Jamani, bibi harusi ajibu nini hapo? Mimi ni mshonaji, nimeishia kidato cha nne. Kila aliponipoteza nilimwambia, "Mpenzi, hapo sijaelewa," naye alirudia mpaka nielewe.

Siku yenyewe ilipofika akaniambia, "Leo nikishindwa, sipandi tena jukwaani maishani mwangu."

Akapanda. Na kwa mazoea ya jikoni, akaugeukia ukuta! Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti, si wewe uliyesema, "Kaka, ukuta umeshaelewa, sasa tugeukie na sisi"? Nikaiona shingo yake inalowa jasho, na kichwa kinazidi kuinama. Nikainuka pale kiti cha mbele, nikapaza sauti, "Mpenzi, hapo sijaelewa!"

Akageuka. Akanitazama, hata leo nikikumbuka nasisimka! Akaanza kunieleza mimi, polepole, kwa nini kazi ya kompyuta hutunziwa nakala mahali pengine, kama vile mshonaji anavyoweka vipimo vya mteja nyumbani na dukani, ili nakala moja ikiungua nguo isikwame. Kicheko kikafa. Mtu wa nyuma kabisa akauliza swali, na mume wangu akamjibu akimtazama usoni.

Ahsanteni kwa kumcheka, na ahsanteni zaidi kwa kunyamaza mkamsikiliza. Nasikia yule fundi wenu wa mitandao, dada mpole anayejificha nyuma ya mwenzake, ndiye atakayepanda jukwaani safari ijayo. Dada yangu, usiogope. Kabla mwezi huu haujaisha, siku yako ikifika, tutakuja kuwatembelea, na nawaomba mniwekee kiti kilekile cha mbele.