Mama Agathe Wabiwa, Mkamuaji wa Mawese

Ndugu waombolezaji, mimi ni Ladislas, mdogo wake marehemu, baba mmoja mama mmoja. Nimepewa kazi ya kusoma maisha yake kabla hatujamfukia, na nitayasoma yote. Kwenye programu mliyoishika, sehemu ya ugonjwa ina mstari mmoja tu. Achille, mpwa wangu, wewe ndiye uliyetaka iwe hivyo. Leo utanivumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1944 huko Mboko, kusini ya Uvira, kwenye michikichi mingi. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la tano, mama yetu akaugua, akaitwa nyumbani. Hapo ndipo alipojifunza kazi ya maisha yake: kuchemsha ngazi, yaani yale matunda mekundu ya mchikichi, kuzitwanga, kuzikamua, na kuuza mawese sokoni. Mikono yake ilikuwa na rangi hiyo hata siku ya harusi.

Harusi yenyewe ilifungwa Uvira tarehe 22 Aprili 1967. Alimpata Pascal, dereva wa lori, mtu wa maneno machache, na ilikuwa heri, maana dada alisema kwa wawili. Walijaliwa Achille na Sesilia. Pascal alifariki mwaka 1991. Vita vya 1996 vikatutoa Uvira, na Agosti 1997 tukafika hapa Durban, ghorofa ya nne, Albert Park.

Aliyeishi naye anajua jinsi alivyoyaamini mawese. Una kikohozi, mawese. Ngozi imekauka, mawese. Mama amejifungua, ngazi zipikwe mchuzi mzito na samaki, anywe arudishe nguvu. Tulimtania kwamba hata gari likigoma kuwaka atalitia mawese.

Mwezi wetu wa kwanza hapa, aliona kando ya barabara mti wa mapambo wenye vichala vya rangi ya machungwa. "Ladi, hii iko ngazi kabisa," akaniambia. Nilimshikia mfuko watu wa jiji wakitutazama. Akazitwanga kwenye kinu mle ghorofani hadi jirani wa chini akapanda kuuliza, eish, mama, mnabomoa nyumba? Mafuta hayakutoka. Mikono ilimwasha hadi kesho yake. Akasema, "Huu mti iko na sura ya ndugu, lakini haiko ndugu." Alicheka mwenyewe kuliko sisi.

Sasa ugonjwa. Januari mwaka huu alipatikana na presha, na moyo umechoka. Daktari akamkataza mafuta na chumvi. Achille alibeba dumu zima la mawese akalitupa, akasema asiyaone tena nyumbani kwake. Simlaumu. Alimpenda mama yake, na daktari alisema kweli. Dada mwenyewe hakubisha.

Machi, mke wa Achille, Henriette, aliwasili kutoka kambi ya wakimbizi pamoja na binti yao Grâce, wa miaka mitano. Kila jioni mtoto alijigonga mlangoni, akamwaga maji, akakanyaga sahani. Achille alimgombeza, akamwita mzembe, na mtoto akaanza kuogopa jioni. Dada akawa anamtazama tu. Siku moja magharibi alimnyooshea ndizi. Grâce akaitafuta hewani kwa mkono. Dada akaniambia polepole, "Huyu hana uzembe. Jua likizama haoni. Nimeona watoto wa namna hii, wanaolishwa ugali mtupu."

Mei akalazwa. Sesilia alimpeleka Grâce wodini kila alasiri, na ndani ya pochi yake mlikuwa na chupa ndogo ya mawese. Kuna macho yaliyoiona chupa, na habari zikamfikia Achille. Dada alipofariki, Jumatano tarehe 9 Juni, Achille alimwambia Sesilia pale kwenye korido, mbele za watu: "Umemuua mama na mafuta yako." Jana akaapa kwamba Sesilia hatatupa udongo kwenye kaburi hili. Ndiyo maana binti huyo amesimama kule ukutani, peke yake, siku ya kumzika mama yake. Inaniuma, na sitaificha.

Basi sikilizeni. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda kile. Chupa ilifunguliwa, ni kweli. Dada alipaka mawese kwenye mkate, na kidole kilichobaki na mafuta hakukilamba. Alikipangusa kwenye shuka, muuguzi akamfokea kwa kuchafua. Mkate aliula Grâce. Muuguzi huyohuyo aliyatazama macho ya mtoto, akaagiza apewe matone ya vitamini kliniki, akasema na mafuta hayo mekundu yaendelee, kwa kuwa yana vitamini ileile. Nikamwuliza dada kwa nini asimwambie mwanawe. "Sasa iko na hasira," akasema. "Nikitoka nitamwambia mwenyewe, na mtoto atakuwa anakimbia." Hakutoka.

Achille, juzi ulisema mtoto ameacha uzembe. Ulisema ni kwa sababu ulimkemea.

Marehemu ameacha watoto wawili, Achille na Sesilia. Nimesema wawili. Ameacha mkwe, Henriette, mjukuu, Grâce, na mimi mdogo wake niliyebaki bila wa kunituma.

Kwetu mtoto wa kwanza hutupa udongo, kisha hujaza kiganja cha anayemfuata. Bila hivyo kaburi halifungwi. Jua la Juni linatuacha mapema, na kule ukutani giza limeshaingia. Mimi simwoni tena Sesilia vizuri.

Grâce, mjukuu wangu, wewe unamwona shangazi? Nenda kamlete kwa baba, ili bibi yako apumzike kwa amani.