Bibi Taulo Anaaga Kichwa Wazi

Ijumaa hii, tarehe thelathini Novemba, Bibi Taulo atafunga mlango wa chumba cha kufulia kwa mara ya mwisho. Amekuwa humo miaka thelathini na moja na miezi minne. Aliingia akiwa hajafika miaka thelathini, anatoka akiwa ametimiza sitini.

Mwalimu Mkuu aliniomba mimi niandike maneno haya ya karatasi ya sherehe kwa sababu, alisema, hakuna aliyebaki anayemjua kunishinda. Ni kweli. Mimi ndiye ninayefagia uwanja wa chekechea hii, ninayezibua vyoo na kugongea chochote kilicholegea. Nilitoka kwetu, mbali, kuja kufanya kazi ya miezi sita, na sasa mwaka wa kumi na tisa unakatika. Shule niliiachia darasa la sita, kwa hiyo anayetafuta maneno ya mapambo ayasubiri kwenye hotuba ya Mwalimu Mkuu. Aliniagiza pia niandike ya kufurahisha. Nitajaribu, lakini nikiandika hayo peke yake nitakuwa nimesema uongo.

Kazi yake mnaijua. Taulo arobaini kila siku, foronya, mashuka madogo, aproni za rangi. Taulo ya kila mtoto aliijua kwa doa lake. Mwaka ule mkaguzi alipokalia kiti kilichopakwa rangi na watoto, Bibi Taulo alimwamuru avue suruali, naye akavua. Akaandika ripoti yake yote ndani ya chumba cha kufulia, amejifunga blanketi lenye picha za bata kiunoni, huku suruali ikikaushwa kwa pasi. Ripoti ilitoka nzuri. Sidhani kama angethubutu kuandika nyingine.

Mtoto akijikojolea, Bibi Taulo alimbadilisha nguo upesi, akamrudisha darasani na kuwatangazia wenzake kwamba bomba limemrukia. Bomba lile lilirukia watoto miaka thelathini. Wazazi wawili waliwahi kunijia juu, kwa nini mtu wa matengenezo nipo na bomba linawalowesha watoto. Niliomba radhi, nikasema nitalitazama. Bomba lilikuwa zima kama jiwe.

Na alikuwa na kilemba. Katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyemwona bila kilemba. Hakikuwa cha dini, hilo alinieleza mwenyewe. Watoto waliamini chini yake kuna nywele ndefu zinazofika kiunoni, ndiyo maana anazifunga. Waliambiana hivyo mwaka hadi mwaka, wakubwa wakiwarithisha wadogo. Yeye alicheka tu. Hakuwahi kusema ndiyo, hakuwahi kusema hapana.

Sasa niseme habari ya ubao.

Mwaka wangu wa pili hapa watoto waliugua macho mekundu kwa sababu ya kuchanganya taulo. Bibi Taulo akaja na wazo lake. Nikakata ubao mrefu, nikapigilia misumari arobaini kwa safu mbili, ishirini juu na ishirini chini. Kwa kuwa watoto hawajui kusoma, yeye alichora picha juu ya kila msumari, kila mtoto na picha yake. Safu ya juu ya wasichana: ua, chanuo, kioo, shanga, gauni, kiatu chenye kisigino. Safu ya chini ya wavulana: nyundo, gari, ngazi, mpira, simba. Hakuna aliyetuagiza tugawe hivyo. Mimi ndiye niliyeongeza kupaka safu ya juu rangi ya waridi na ya chini buluu, maana makopo ya rangi yalikuwa yamebaki. Macho mekundu yakaisha. Tukasifiwa, mimi na yeye, na mgeni mmoja akaupiga picha ubao wetu.

Ubao ukakaa ukutani miaka kumi. Kila asubuhi, kabla hawajajifunza kuhesabu hadi kumi, watoto walisimama mbele yake na kuusoma.

Miaka saba iliyopita alikuwepo binti wa fundi saa, mtoto wa miaka minne, na picha yake ilikuwa chanuo. Akapata choa kichwani, daktari akaagiza anyolewe. Jumatatu aliingia getini kichwa kinang'aa, anacheka, kwa sababu baba yake alimwambia amekuwa kama balbu mpya. Nilikuwa nafagia pale. Akanionyesha kichwa chake, nikajifanya mwanga umeniumiza macho. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona mtoto yule akicheka.

Kabla ya saa nne mwenzake mmoja, msichana, aliitoa taulo yake kwenye chanuo, akaitundika chini kwenye ngazi. Hakufanya kwa ubaya. Alifanya kama anayerudisha kijiko kwenye sanduku lake.

“Chanuo ni la wenye nywele,” alimwambia. “Wewe sasa ni mvulana.”

Wavulana nao wakamkataa, kwamba mvulana gani anavaa gauni. Vyoo vya watoto vina milango miwili. Kwenye mmoja alifukuzwa, kwenye wa pili akafukuzwa. Walimu walikemea, watoto wakanyamaza, mwalimu akigeuka wanaanza tena. Basi mtoto akawa anajizuia hadi anashindwa. Siku ya kwanza Bibi Taulo akambadilisha, akasema ni bomba. Siku ya pili bomba tena. Siku ya tatu mtoto akamsahihisha.

“Si bomba, Bibi. Ni mimi. Sina choo.”

Halafu akamuuliza kama yeye ana nywele. Bibi Taulo akamjibu kwamba anazo, ndefu.

Hakuwa nazo. Ziliisha akiwa na miaka ishirini na tano, zikadondoka hadi nyusi, na hakuna dawa iliyozirudisha. Nyusi zake huzichora kwa wanja kila asubuhi. Mimi nilijua kwa bahati mbaya. Mwaka wangu wa tano niliingia kutengeneza swichi bila kubisha hodi, nikamkuta amekivua kilemba kwa sababu ya joto la pasi. Alikidaka kama mtu aliyefumaniwa anaiba. Nikatoka, nikabisha hodi, nikaingia upya, na kwa miaka mingi hatukulitaja.

Kwa hiyo mnaelewa alichokuwa nacho mkononi siku ile. Mtoto mwenye kipara amesimama mbele yake anataka kujua kama bado ni msichana, na mwanamke mzima mwenye kipara kama chake anafunga fundo la kilemba likaze zaidi. Nimemsomea sentensi hiyo. Nilitaka kuifuta, akasema niiache.

Wiki ya pili mtoto hakuja. Baba yake alikuja kuchukua nguo za akiba, akasema mtoto akifika kwenye kona ya mtaa wetu anaanza kutetemeka, basi watamweka nyumbani. Hakugombana na mtu. Ingekuwa afadhali angegombana. Jioni ile Bibi Taulo aliniomba nyundo. Nilidhani anataka nimgongee kitu, kumbe anataka kung'oa mwenyewe. Aling'oa misumari yote arobaini, mmoja baada ya mwingine, nami nikashikilia ubao usimwangukie.

Tukaweka ubao mwingine. Rangi moja, picha zimechanganywa, kila mtoto achague mwenyewe. Tulijiona tumetubu. Mwezi haukuisha, wasichana wote walikuwa kwenye maua na vipepeo, wavulana wote kwenye magari. Mvulana mmoja alichagua ua Ijumaa, na Jumatatu akaomba abadilishiwe kwa sababu mjomba wake alimcheka. Ubao tuliung'oa ukutani, lakini watoto walikuwa wanakuja nao kutoka nyumbani.

Sisemi hivi kuwasuta wazazi. Na mimi ni mzazi, tena mzazi wa simu. Binti yangu na kaka yake wamekua nikiwasikia tu. Kila Jumapili kaka mtu nilimuuliza leo amekimbia wapi, amepanda nini, ameshinda nani. Dada mtu nilimuuliza amependeza? Amesukwa vipi? Gauni gani? Nilidhani ndiyo mapenzi ya baba. Sasa ana miaka kumi na saba, na nikimpigia simu ya picha hapokei mpaka kwanza ajipake poda. Mimi, baba yake, ambaye ningetoa kidole kumwona alivyoamka.

Mwaka huu, mwezi wa saba, binti wa fundi saa alirudi. Ana miaka kumi na mmoja, amesukwa rasta hadi kiunoni, na sasa yeye ndiye anayemleta mdogo wake wa kiume wa miaka mitatu. Siku ya kwanza mdogo wake alisimama mbele ya ubao, akachagua kipepeo. Dada yake akainama, akamshika mkono taratibu.

“Hiyo ya wasichana,” akamwambia. “Watakucheka, halafu utakosa choo.”

Akamhamishia kwenye gari. Akageuka, akamwamkia Bibi Taulo shikamoo, kwa adabu kabisa, akaondoka. Bibi Taulo alikuwa amekumbatia kapu la mashuka. Aliitikia marahaba mtoto akiwa ameshafika getini.

Wiki hiyohiyo Mwalimu Mkuu alimwomba aongeze miaka miwili ya mkataba, maana wa kumrithi hajapatikana. Akakataa, akasema mikono inamuuma. Mikono inamuuma kweli, ila kuna lingine, na amenipa ruhusa niliandike. Alinieleza tukiwa tunakunja mashuka, yeye ncha hii na mimi ile.

“Dawa ya yule mtoto ilikuwa kichwani kwangu,” alisema. “Nikaifunika.”

Nikamwambia mtoto amekua, ameshasahau. Akaniuliza kama nilimsikia alichomwambia mdogo wake. Nikakunja shuka.

Jumanne, wiki mbili zilizopita, saa ya watoto kuchukuliwa, aliingia darasani akiwa na kapu lake tupu, akaliweka chini, akafungua fundo na kukivua kilemba. Nilikuwa dirishani nabadilisha kioo. Wapo watoto walioziba midomo. Mmoja alilia. Mwingine alisogea, akauliza kama panauma, akaruhusiwa kugusa. Kisha mdogo wa binti wa fundi saa akauliza walichokuwa wanataka kukijua wote.

“Sasa wewe ni babu?”

“Ni bibi,” akamjibu. “Jana nilikuwa bibi, na leo ni bibi.”

Dada yake alikuwa mlangoni, amekuja kumchukua. Bibi Taulo alimwona. Akamwendea na kichwa chake kilivyo, akamwambia yale aliyoyabeba miaka saba, kwamba siku ile alipomuuliza, alimdanganya, hakuwa na unywele hata mmoja. Mkono wa mtoto ulikuwa umeshika rasta zake, zote, kama mtu anayeshika kamba.

“Ningejua,” akasema.

Basi. Akamshika mdogo wake mkono, wakaenda. Ningependa kuwaandikia kwamba alimkumbatia, au kwamba kesho yake mdogo wake alihamia kwenye kipepeo. Taulo yake iko kwenye gari hadi leo. Bibi Taulo alirudi chumba cha kufulia, akapiga pasi hadi saa ya kufunga, na hakufunga tena kilemba.

Kamati ya zawadi ilikuwa imeshanunua kilemba cha hariri. Kizuri sana, na hakuna aliyekosea kwa kutojua. Nimewaomba wakibadilishe.

Ndugu wafanyakazi na wazazi, Ijumaa mtakuja na watoto wenu. Bibi Taulo atakaa mbele, kichwa wazi, kwa mara ya kwanza mbele ya kusanyiko la watu wazima. Wanja pia amesema hatapaka. Najua wengine mtashtuka, na mshtuko hauna breki. Lakini watoto hawatamtazama yeye kwanza. Watawatazama ninyi usoni, waone inapaswa kuwaje. Mimi na yeye tuliwapa ubao wausome miaka kumi. Siku hiyo ubao utakuwa nyuso zenu, nami nawaombeni, kwa adabu zote, mwangalie mnachoandika.

Bibi Taulo, dada yangu wa ugenini, asante. Nilipougua mwaka ule wa mvua nyingi ulinifulia mashuka yangu pamoja na ya watoto, na hukumwambia mtu. Asante kwa nguo kavu za watoto wasiohesabika ambao hawajui kwamba uliwafichia aibu yao. Bomba lako nitalitunza. Wazazi wakija juu, nitaomba radhi na kusema bado linarusha maji. Na akitokea tena mtoto wa kuniambia hana choo, nitaweka ufagio chini na kumsikiliza siku hiyohiyo.

Uende salama. Upate ule usingizi wa mchana ulioukosa miaka thelathini na moja, mikono yako ipumzike isiumane na maji, na upepo ukupige kichwani bila wewe kuutafutia fundo.